Jinsi ya kulipa mchango wa SHA mpaka bima ifunguke: mwongozo kamili kwa mwenye mshahara na kwa anayejitafutia

Swali hili nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nalijua kabla muulizaji hajamaliza kusema: "Nimelipa SHA, mbona hospitali inasema sijalipa?" Kisha ninanyooshewa simu nisome ujumbe wa M-Pesa, na ujumbe kweli upo: shilingi 300 zimekwenda SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, wiki iliyopita. Hakuna aliyemwibia mtu huyu, wala mtambo haujamsahau. Kilichokosekana ni pesa za miezi mingine 11.

Asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango kinatajwa kwa mwezi, lakini bima haifunguki kwa malipo ya mwezi mmoja. Waliozoea kutuma shilingi 500 kila mwezi enzi za NHIF, bima ya afya ya taifa iliyotangulia SHA, ndio wanaonaswa zaidi, kwa sababu mkono umezoea na akili haijaambiwa kwamba utaratibu ulibadilika SHA ilipoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Mwongozo huu unafuata njia nzima, kuanzia usajili hadi siku ya kuongeza muda, na katika kila hatua nitasema unachopaswa kukiona kabla ya kusonga mbele.

## Kabla ya kutoa pesa, jua uko kundi gani

Ukiwa umeajiriwa na unapokea mshahara, hutumi chochote mwenyewe. Mwajiri hukata asilimia 2.75 ya mshahara wako wote kabla ya makato mengine, kisha huuwasilisha mchango huo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 hukatwa 550, wa 50,000 hukatwa 1,375, na wa 100,000 hukatwa 2,750. Kiwango cha chini ni shilingi 300 na hakuna kikomo cha juu. Mwajiri haongezi chake juu ya makato hayo, jambo ambalo huwashangaza waliozoea NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ambako mwajiri naye huchangia.

Ukiwa mama mboga, mwendeshaji wa bodaboda, fundi wa jua kali, mkulima au mfanyabiashara mwenye duka lake, uko katika kundi la pili. Wewe pia unatozwa asilimia 2.75, lakini ya mapato yanayokadiriwa ya kaya yako, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Hatua zote zinazofuata zinakuhusu wewe. Mwenye mshahara anaweza kusoma Hatua ya 1 kisha akaruka hadi sehemu yake karibu na mwisho.

Jambo moja kabla ya kuendelea. Huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hugharamiwa na hazina ya afya ya msingi, na kinachohitajika ni kuwa umesajiliwa tu. Mchango unaozungumziwa hapa ndio unaofungua hospitali za ngazi ya 4, ya 5 na ya 6: kulazwa, upasuaji na mengine mazito. Kwa hiyo, mtoto akiwa na homa leo na zahanati iko karibu, mpeleke kwanza. Mwongozo utausoma jioni.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Kusanya vyote kabla ya kuanza, kwa kuwa menyu ya simu haikusubiri unapokwenda kufungua sanduku la vyeti.

- Kitambulisho cha taifa cha mtu anayelipiwa. Namba iliyo kichwani haitoshi. Tunza kadi yenyewe au picha yake iliyo wazi.
- Simu yenye laini inayotumiwa na huyo anayelipiwa, ikiwa na chaji.
- Kitambulisho cha mume au mke, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.
- Pesa ya mwaka mzima katika M-Pesa, na kidogo juu yake kwa ajili ya gharama ya muamala.
- Daftari na kalamu. Utaandika mambo manne, na hutayakumbuka kwa kichwa.

## Hatua ya 1: Hakikisha umesajiliwa na jamaa zako wamo

Piga *147# au fungua tovuti ya Afya Yangu, uingie kwa namba ya kitambulisho. Usijiaminishe kwamba umesajiliwa kwa sababu tu ulikuwa na kadi ya NHIF. Kadi ile haikukuhamisha yenyewe, na kila mtu alitakiwa kujisajili upya.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba malipo hushikamana na mtu aliye katika daftari la SHA. Kama hayumo, pesa haina pa kukaa. Vivyo hivyo kwa mke, mume na watoto: mchango mmoja huihudumia kaya, lakini ni wale tu walioandikwa humo. Mtoto aliyezaliwa baada ya wewe kujisajili hayumo mpaka umwongeze, hata kama umelipa kila senti.

Onyo: wazazi wako si wategemezi katika mpango huu, hata kama unaishi nao na kuwalisha. Wao ni kaya yao, wenye usajili wao na mchango wao. Nitarudi kwao, kwa kuwa hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoteleza.

Umefaulu iwapo unaona jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, na majina ya wote wanaokutegemea yakiwa chini yako. Asiyeweza kutumia simu aende Huduma Centre iliyo karibu, au amtafute mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake, ambaye kazi hii anaifahamu.

## Hatua ya 2: Fanya tathmini ya mapato ya kaya

Hii ndiyo hatua inayorukwa na watu wengi kuliko zote. Mtu husajiliwa, husikia "shilingi 300" redioni, hutuma 300, na kumbe hajawahi kupimwa. Bila tathmini, SHA haijui unapaswa kulipa kiasi gani, na bila kiasi kinachojulikana hakuna kinachoweza kuhesabiwa kuwa kimekamilika.

Tathmini hufanyika kupitia *147# au Afya Yangu. Utaulizwa juu ya maisha ya nyumbani: mko wangapi, nyumba imejengwa kwa nini, maji mnayapata wapi, mnapikia nini, mna mali gani. Kutokana na majibu hayo mtambo hukadiria mapato ya kaya na kukupa kiasi cha kulipa.

Jibu polepole. Nimemwona kijana akibonyeza namba upesiupesi huku akizungumza na mteja wa pikipiki, na alipofika mwisho alikuwa ametaja vitu ambavyo nyumba yao haijawahi kuviona. Kisha akalalamika kwamba ametozwa kama tajiri. Swali usilolielewa, soma tena au muulize mtu; na usidanganye kwa upande wa pili pia, kwa kuwa majibu hayo yanabaki chini ya jina lako.

Ukiona kiasi kimekuwa kikubwa kupita kiasi, usilipe kwa hasira wala usikate tamaa. Nenda katika dawati la SHA, umwombe afisa mpitie pamoja majibu yaliyoingizwa. Piga simu 147 ikiwa safari ni ndefu.

Umefaulu iwapo una namba mbili daftarini: kiasi cha mwezi na kiasi cha mwaka. Tuseme kaya yako imekadiriwa kuingiza shilingi 20,000 kwa mwezi. Asilimia 2.75 yake ni 550, na mara 12 ni 6,600. Hiyo 6,600 ndiyo namba ya kuizungushia mduara. Aliyetuma 300 kwa miezi sita akiwa na makadirio hayo ametoa 1,800 na bado ana upungufu wa 4,800. Ndiyo maana kaunta inamwambia hajalipa.

## Hatua ya 3: Tafuta pesa ya mwaka bila kuigusa

Najua hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Anayepata riziki ya siku kwa siku hawezi kuamka na 6,600 mfukoni, na kumwambia "lipa kwa mwaka" bila kumwonyesha njia ni kumdhihaki. Njia ninazozifahamu ni tatu.

Ya kwanza ni kujiwekea mwenyewe. Gawanya kiasi cha mwaka kwa wiki 52. Kwa 6,600 ni kama shilingi 127 kwa wiki. Pesa hiyo isikae pamoja na ya matumizi. M-Shwari ina akaunti ya kufungia akiba kwa muda, na M-Pesa Ratiba, inayopatikana kupitia *334#, huweza kutuma kiasi ulichopanga siku uliyopanga bila wewe kukumbuka. Udhaifu wa njia hii uko wazi: mpaka ufikishe jumla, huna bima ya hospitali. Inamfaa anayejiandaa kwa mwaka ujao kuliko anayeanza leo.

Ya pili ni chama. Vikundi vingine huamua kwamba zamu moja ya mzunguko itakuwa ya bima, ili kila mwanachama siku yake ikifika alipe mwaka mzima. Mimi naipenda njia hii kwa sababu aibu ya kuliangusha kundi humlinda mtu kuliko nia yake mwenyewe. Sharti moja: mweka hazina alipe moja kwa moja kwa SHA akitumia kitambulisho cha mwanachama, asimpe mwanachama pesa mkononi.

Ya tatu ni Lipa SHA Pole Pole, iliyozinduliwa mwaka 2025 na inayopatikana kupitia *147#. Usidanganywe na jina: kimsingi ni mkopo. Mchango wa mwaka hulipwa kwa niaba yako, nawe unarejesha kidogo kidogo kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Faida yake ni kwamba bima hufunguka bila kusubiri ukusanye yote. Kabla ya kukubali, soma skrini inayoonyesha jumla utakayorejesha, uiandike kando ya ile namba ya mduara, na utofauti wa namba hizo mbili ndiyo bei ya mkopo. Ukiona unaimudu, endelea. Ukiona huimudu, rudi kwenye njia ya kwanza au ya pili.

## Hatua ya 4: Lipa

Kuna njia mbili za M-Pesa, na zote zinafika mahali pamoja.

Kupitia *147#. Ingia, chagua sehemu ya malipo, hakikisha jina na kiasi, kisha subiri dirisha la M-Pesa lijitokeze na uweke namba yako ya siri. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa anayejilipia, kwa kuwa mtambo tayari unakujua na hakuna namba ndefu ya kukosea.

Kupitia Lipa na M-Pesa. Fungua M-Pesa, chagua Lipa na M-Pesa, kisha Paybill. Namba ya biashara ni 200222. Namba ya akaunti ni namba ya kitambulisho cha anayelipiwa, si namba ya simu, si jina, si namba ya kadi ya zamani. Weka kiasi cha mwaka, uweke namba ya siri, lakini usibonyeze kukubali mpaka umesoma ukurasa wa mwisho wote.

Soma namba ya kitambulisho kwa kuigawa mafungu: 12, 345, 678. Macho yanayosoma namba nane kwa mpigo hurudia tarakimu au kuibadilisha nafasi, na kosa hilo humpa mchango wako mtu usiyemjua.

Onyo kubwa: SHA haipokei mchango kupitia namba ya simu ya mtu binafsi. Anayekuambia "nitumie mimi nikulipie upesi, mtambo uko chini" anataka pesa yako. Na hakuna afisa anayehitaji namba yako ya siri, hata awe amevaa koti jeupe na kitambulisho shingoni.

Asiye na M-Pesa anaweza kulipiwa na ndugu au jirani kwa njia ya pili, kwa kuwa kinachoamua bima ni ya nani ni namba ya akaunti. Simu iliyotoa pesa haina uzito wowote.

## Hatua ya 5: Usome ujumbe kabla ya kuweka simu mfukoni

Ujumbe wa uthibitisho una mambo manne ya kukagua: msimbo wa muamala wenye herufi na tarakimu 10 mwanzoni, kiasi, jina la mpokeaji, na namba ya akaunti. Linganisha namba ya akaunti na kadi ya kitambulisho iliyo mbele yako, tarakimu kwa tarakimu. Kisha nakili msimbo wa muamala daftarini, maana simu huibwa na ujumbe hufutika.

Ukigundua kosa papo hapo, sambaza ujumbe huo kwa 456 mara moja, halafu wasiliana na SHA. Malipo ya Paybill hayarudi kwa urahisi kama pesa iliyotumwa kwa mtu, kwa hiyo usiridhike na ombi la kurejesha pekee.

## Hatua ya 6: Thibitisha upande wa SHA

Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba pesa imetoka kwako, lakini hauthibitishi kwamba bima imefunguka. Haya ni mambo mawili, na kuyachanganya ndiko kunakowaleta watu kauntani na mgonjwa begani wakiwa na uhakika usio na msingi.

Ingia tena *147# au Afya Yangu utazame hali ya mchango wako. Umefaulu iwapo inaonyesha kwamba umelipa na tarehe ya mwisho wa bima ni karibu mwaka mmoja mbele. Andika tarehe hiyo daftarini, ndilo jambo la nne kati ya yale niliyoyaahidi, pamoja na kiasi cha mwezi, kiasi cha mwaka na msimbo wa muamala.

Ikiwa bado inaonyesha hujalipa, kagua kwa mpangilio huu: je, tathmini ilifanyika? Je, kiasi ulichotuma kinafikia cha mwaka? Je, namba ya akaunti ni sahihi? Mara nyingi jibu liko katika mojawapo ya hayo matatu. Yote yakiwa sawa, peleka msimbo wa muamala na kitambulisho kwenye dawati la SHA. Fanya hivyo ukiwa mzima. Kufuatilia malipo huku mtu anatapika kwenye benchi ni adhabu.

## Ukiwa unamlipia mzazi aliye mbali

Mwaka jana nilimlipia mama yangu nikiwa ndani ya matatu, nimesimama, mkono mmoja kwenye chuma. Namba ya biashara niliiweka sawasawa. Ilipofika namba ya akaunti, vidole vikaandika namba wanayoijua, yaani yangu. Mimi nakatwa mshahara kila mwezi, kwa hiyo mchango wa mwaka mzima wa mama ukaniangukia mimi nisiyeuhitaji, naye akabaki bila bima. Kosa hilo nililigundua jioni nilipokuwa nikisoma ujumbe ili ninakili msimbo daftarini. Ilibidi nilipe mara ya pili ili miadi yake ya hospitali isipotee, kisha ndipo nianze kuifuatilia ile ya kwanza.

Kwa hiyo: mwombe mzazi atume picha ya kitambulisho, na uisome kutoka kwenye picha kila mara, usiikariri. Tathmini ifanywe kwa majibu ya nyumba yake, si ya nyumba yako ya Nairobi. Na ukishalipa, mwambie yeye mwenyewe au jirani yake apige *147# kwenye simu yake kuona kama hali imebadilika.

## Kwa mwenye mshahara

Kazi yako ni kukagua. Tafuta mstari wa SHIF, yaani hazina ya bima ambamo mchango wa SHA huingia, kwenye hati yako ya mshahara, uzidishe mshahara wote kwa 0.0275, na uone kama namba zinalingana. Kisha, baada ya tarehe 9, tazama hali yako kupitia *147#. Hati ya mshahara inaonyesha kwamba umekatwa, haionyeshi kwamba mwajiri amewasilisha. Ukiona umekatwa na bado SHA inaonyesha hakuna malipo, peleka nakala ya hati hiyo kwa idara ya wafanyakazi kwa maandishi, usiishie kuuliza kwa mdomo kwenye korido.

Ukiacha kazi au mkataba ukiisha, makato yanakoma na bima inakoma nayo. Hamia kundi la pili mapema: badilisha taarifa za ajira katika usajili wako, fanya tathmini, na ulipe mchango wa mwaka. Usingoje kazi nyingine ipatikane.

## Hatua ya 7: Ongeza muda kabla haujaisha

Mchango wa mwaka unaofuata unatakiwa kulipwa siku 14 kabla ya ule wa sasa kuisha. Chukua tarehe uliyoiandika katika Hatua ya 6, urudi nyuma mwezi mzima, na uweke kengele kwenye simu siku hiyo. Mwezi mzima, si wiki mbili, kwa sababu utahitaji muda wa kutafuta kiasi kinachopungua na wa kuona kama hali ya kaya yako imebadilika: mtoto ameongezeka, mume amepata ajira, au biashara imefungwa.

Siku ya kwenda hospitalini, beba kitambulisho chenyewe na simu yenye laini iliyosajiliwa SHA, kwa kuwa mgonjwa huthibitishwa utambulisho wake kabla ya kuhudumiwa. Mgonjwa akiwa mtoto, beba na cheti chake cha kuzaliwa, na uulize pale mapokezi, kabla ya kuvuliwa viatu, kama hospitali hiyo ina mkataba na SHA kwa huduma unayoitafuta.